Mbinu za utafiti kwenye uzamili wa saikolojia tumizi: tusianze na "nitumie testi gani?"

Fundi Data (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wanafunzi wa uzamili wa saikolojia tumizi huniletea mafaili ya data niwasaidie, na karibu kila mmoja anafungua mazungumzo kwa swali lilelile: "Nitumie testi gani?" yaani hesabu ipi ya takwimu. Hojaji zimeshajazwa, programu ya takwimu ya SPSS iko wazi, tarehe ya kukabidhi imekaribia. Nimeona niandike hapa kwa kirefu, kwa sababu swali hilo ni dogo, na lile kubwa linalopaswa kulitangulia halijaulizwa kabisa.

Swali kubwa ni hili: ni kitu gani kingine, mbali na hicho unachodai, kingeweza kuzaa namba hizi hizi?

Kwa maoni yangu kozi nzima ya mbinu za utafiti ni mazoezi ya kulijibu swali hilo kabla data hazijakusanywa. Kundi la kulinganishia, kugawa watu kwa bahati nasibu, kumficha mpimaji asijue nani yuko kundi gani, kupima kabla na baada, kusajili mpango mapema, kila kimojawapo kilibuniwa ili kuziba njia fulani ambayo mtafiti anaweza kujidanganya. Mwanafunzi anayekariri majina ya vifaa hivi bila kujua kila kimoja kinaziba nini atafaulu mtihani na kukwama kwenye tasnifu.

Chukueni kazi ya kawaida kabisa katika fani yetu. Taasisi inapima msongo wa kazi kwa wafanyakazi wote, inawatenga wale wenye alama za juu zaidi, inawapa mafunzo ya wiki sita, kisha inawapima tena. Wastani umeshuka, t-testi ya jozi (inayolinganisha wastani wa watu walewale kabla na baada) imetoa p ndogo sana, yaani kama hakuna mabadiliko ya kweli, tofauti kubwa kiasi hiki ingekuwa nadra kutokea kwa bahati, ripoti inaandikwa kwamba mafunzo yamefaulu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kipimo hicho kikirudiwa baada ya wiki sita bila yeyote kufanyiwa lolote, alama za kwanza na za pili zinahusiana kwa 0.6 (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kuhusiana kikamilifu). Kundi lililotengwa lilikuwa pointi 20 juu ya wastani wa wafanyakazi wote. Kama wastani na mtawanyiko wa wote haujabadilika, tunatarajia mara ya pili kundi hilo liwe juu kwa 20 × 0.6, yaani pointi 12. Pointi 8 zimeyeyuka na mafunzo hayajaanza. Sababu ni kwamba ukichagua watu kwa alama zao za kupindukia, unachagua pamoja nao waliopimwa siku mbaya, na siku mbaya hazijirudii kwa kila mtu. Huku ndiko kurudi kwenye wastani. Francis Galton aliliandika jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Daniel Kahneman naye alisimulia jinsi wakufunzi wa marubani katika jeshi la anga la Israeli walivyoamini kwamba kukaripia kunafaa kuliko kusifu, kwa kuwa baada ya karipio mwanafunzi aliruka vizuri zaidi na baada ya sifa aliruka vibaya zaidi. Mruko mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na ulio nafuu, karipio liwepo au lisiwepo.

Hapo swali la testi halikuokoi. T-testi imefanya kazi yake sawasawa, imekwambia wastani umeshuka. Kwa nini umeshuka, haijui na haiwezi kujua. Kinachookoa ni kuwa na wafanyakazi wengine wenye alama mbaya vilevile, waliopangwa kwa kura wasubiri zamu ya pili ya mafunzo, nao wakapimwa siku zilezile. Wao nao watashuka. Unachokitafuta ni tofauti ya mshuko.

Donald Campbell na Julian Stanley walikusanya vitisho vya aina hii mwaka 1963: matukio ya nje yaliyoingia katikati, watu kukomaa au kuchoka kwa kupita muda tu, kuzoea kipimo, mpimaji kubadilika, kurudi kwenye wastani, makundi kutofautiana tangu mwanzo, walioacha njiani kuwa watu wa aina nyingine kuliko waliobaki. Mwaka 1979 Campbell na Thomas Cook wakaupanua mjadala huo kwa ajili ya tafiti za nje ya maabara, ambako sisi ndiko tuliko. Ningependa kila anayeanza uzamili avijue vitisho hivi kwa undani kabla hajagusa programu yoyote.

Karibuni tujadili. Maswali yote ni halali hapa.

Mwaka wa Pili

Mkuu nimekusoma, na hiyo hesabu ya 20 kuwa 12 hakuna aliyewahi kutuonyesha darasani. Ila sisi tunaofanyia utafiti makazini hatuna ubavu wa kugawa watu kwa bahati nasibu. Meneja anasema idara hii ifunzwe, ile iache. Ukimtajia "jaribio" anaona unataka kuwafanya watu wake panya. Sasa hiyo orodha ya Campbell inatusaidiaje?

Fundi Data

Mdau, inawahusu ninyi kuliko watu wa maabara, kwa sababu ninyi ndio mnaovamiwa na vitisho vyote kwa pamoja.

Kwanza usiikatie tamaa kura mapema. Mara nyingi taasisi haina wakufunzi wa kufunza watu wote kwa mpigo, kwa hiyo zamu ya kwanza na ya pili zitakuwepo utake usitake. Omba tu zamu zipangwe kwa kura. Meneja akielezwa kwamba hakuna anayenyimwa huduma, na kwamba kura inamwondolea lawama ya kupendelea, wengi hukubali. Usiseme "jaribio". Sema "utaratibu wa haki wa kupanga zamu," maana ndivyo ulivyo kweli.

Kura ikishindikana, rudi nyuma kwenye muda. Taasisi nyingi zina kumbukumbu za kila mwezi za utoro, ajali, malalamiko, walioacha kazi. Ukiwa na miezi 12 au 24 kabla ya mafunzo unaweza kuona kama utoro ulikuwa tayari unashuka wenyewe. Pointi moja kabla na moja baada haiwezi kukuonyesha mwelekeo uliokuwepo.

Kuna mbinu nyingine naipenda sana na haitumiki inavyostahili: pima kitu ambacho mafunzo hayapaswi kukigusa. Umefundisha watu kuinua mizigo kwa usalama, na taarifa za maumivu ya mgongo zikapungua. Vizuri. Je, taarifa za majeraha ya vidole nazo zimepungua kwa kiasi kilekile? Kama ndiyo, huenda watu wameacha kuripoti, na mgongo haukupona. Kipimo hicho cha pembeni hakikugharimu chochote, na kimekuzuia kuandika uongo kwa nia njema.

Sasa suala la idara, na hapa nawaomba mtulie kidogo kwa sababu ndipo tasnifu nyingi za makazini na mashuleni zinapoanguka. Watu wa timu moja wanafanana. Wana kiongozi mmoja, kelele zilezile, mzigo uleule. Tuseme una watu 400 katika timu 20 za watu 20, timu nzima inafunzwa au haifunzwi, na asilimia 10 ya tofauti zote za alama inatokana na timu ambayo mtu yumo. Kanuni ya kurekebisha ni 1 + (20 − 1) × 0.10, yaani 2.9. Gawanya 400 kwa 2.9 unapata kama 138. Kwa habari ya usahihi wa makadirio yako, una watu 138, na t-testi ya kawaida inadhani unao 400. Ndiyo maana p inatoka ndogo ajabu. Tumia modeli za ngazi nyingi, zinazomhesabu mtu pamoja na timu yake, au walau fanya uchambuzi kwa wastani wa timu.

Na ukiwa na idara mbili tu, moja imefunzwa na moja haikufunzwa, hakuna programu duniani itakayotenganisha mafunzo na idara. Hilo lazima ulijue ukiwa bado unaandika pendekezo la utafiti.

Mama Tasnifu

Naomba nami niulize. Nina hojaji ya uchovu wa kazi yenye maswali 20, nimepata alfa ya Cronbach, ile namba ya jinsi maswali yanavyoshikamana, 0.78. Msimamizi wangu anasema ikivuka 0.70 kipimo kimepita, niendelee. Nimemaliza upande wa kipimo au bado?

Kipimo Kwanza

Dada, acha nichukue hili, ndilo eneo langu.

Alfa ilitoka kwa Lee Cronbach mwaka 1951, na ni kitu kizuri ukijua inachokwambia. Inapanda kwa sababu mbili: maswali kuhusiana zaidi, au maswali kuwa mengi. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Chukua maswali 20 ambayo kwa wastani yanahusiana kwa 0.15 tu, uhusiano mwembamba kabisa. Weka kwenye kanuni: 20 × 0.15 ni 3, gawanya kwa 1 + 19 × 0.15, ambayo ni 3.85. Unapata 0.78. Alfa yako hiyohiyo. Sasa chukua maswali matano tu yenye uhusiano uleule wa 0.15, utapata 0.47. Ubora wa maswali haujabadilika hata chembe, umebadilika urefu.

Kwa hiyo 0.78 kwa maswali 20 inaweza kutoka kwenye hojaji inayopima vitu vitatu vilivyochanganywa: uchovu wa mwili, kukata tamaa, na kutompenda bosi. Angalia wastani wa uhusiano wa swali kwa swali. Fanya uchambuzi wa vipengele uone maswali yanajikusanya wapi. Na kabla ya hayo yote, yasome maswali yenyewe kwa macho, moja moja, ukijiuliza mtu asiye na uchovu anaweza kukubali sentensi hii kwa sababu gani nyingine. Hili la mwisho watu wanaliruka, nami naliona la thamani kuliko alfa.

Halafu uthabiti si uhalali. Maswali kushikamana hakuonyeshi yanapima nini. Cronbach mwenyewe, pamoja na Paul Meehl, aliandika mwaka 1955 kwamba uhalali wa kitu kisichoonekana kama huo unajengwa kwa mtandao wa matarajio: kama hiki kweli ni uchovu wa kazi, basi kihusiane na saa za zamu za usiku, kishuke baada ya likizo, kisihusiane mno na sonona kiasi cha kuwa kitu kimoja. Campbell na Donald Fiske waliongeza mwaka 1959 kwamba upime vitu kadhaa kwa njia kadhaa. Kama uchovu kwa hojaji unahusiana zaidi na *kila* kitu kingine kilichopimwa kwa hojaji kuliko na uchovu uleule ulioripotiwa na mwenzake kazini, umepima tabia ya kujaza hojaji.

Nimalizie na jambo linalounga mada ya Fundi Data kutoka upande wa pili, maana yeye ameonyesha jinsi namba zinavyoonekana kubwa kuliko ukweli. Kipimo kibovu hufanya kinyume, kinazizima. Charles Spearman alilionyesha mwaka 1904. Tuseme uhusiano wa kweli kati ya vitu viwili ni 0.50, na vipimo vyote viwili vina uthabiti wa 0.60. Utakachokiona kwenye data ni 0.50 × 0.60, yaani 0.30. Kwa jedwali za Jacob Cohen, kugundua uhusiano wa 0.50 kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani uwezekano wa 80 kati ya 100 wa kuuona kama kweli upo) kunahitaji watu 28 hivi. Kugundua 0.30 kunahitaji 85. Kipimo dhaifu kimekula watu 57. Wanafunzi wanahangaika kuongeza sampuli wakati wangeweza kukaa wiki mbili wakiyaboresha maswali kwa kuwasikiliza watu kumi wakiyasoma kwa sauti na kueleza wameelewa nini.

Hali ni hiyohiyo kwa wanaotathmini mitihani ya kuajiri. Unapima uhusiano wa alama za mtihani na utendaji kwa walioajiriwa tu, na wenye alama za chini walikwishakatwa mlangoni. Wigo umebanwa, uhusiano unashuka, mtu anaandika "mtihani haufai." Huenda unafaa sana.

Mama Tasnifu

Ahsante sana, kaka. Nimeuangalia wastani wa uhusiano wa maswali yangu sasa hivi: 0.15 kamili. Narudi kwenye maswali kwanza.

Mgeni Jamvini

Ndiyo maana mimi nimechagua mahojiano. Watu 15, hakuna alfa, hakuna p, nachambua dhamira, yaani mawazo yanayojirudia kwenye maneno yao, namaliza.

Sikio Wazi

Ndugu Mgeni, karibu, lakini njia hiyo usiingie kwa kukimbia namba. Utafiti wa maelezo una ukali wake, na swali la mwanzisha uzi linakufuata hadi huko: nini kingine kingeweza kumfanya mtu huyu aniambie maneno haya?

Fikiria unawahoji wafanyakazi kuhusu uongozi. Umeletwa na ofisi ya rasilimali watu, mahojiano yanafanyika kwenye chumba cha mikutano cha ghorofa ya wakubwa, na mhojiwa anajua meneja wake ndiye aliyetoa orodha ya majina. Wote 15 wanasema uongozi ni mzuri. Hujapata dhamira ya "kuridhika na uongozi." Umepata maelezo ya jinsi watu wanavyojilinda. Mahali, aliyekuleta, umri wako na cheo chako ni sehemu ya data, viandike kwenye sura ya mbinu. Na kama meneja anataka kusoma maandishi ya mahojiano, jibu ni hapana, na hapana hiyo iwe imeshaandikwa kwenye fomu ya ridhaa na kwenye maombi ya kibali cha maadili.

Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao andiko lao la mwaka 2006 kuhusu uchambuzi wa dhamira karibu kila mtu analitaja, wanapinga kuandika kwamba dhamira "ziliibuka" kutoka kwenye data. Dhamira hazikai kwenye maandishi zikisubiri kuibuka. Wewe ndiye uliyeamua kipande hiki na kile viende pamoja, kwa hiyo onyesha uamuzi huo. Wengi wanaoliweka andiko hilo kwenye marejeleo wanaendelea kuandika "dhamira zifuatazo ziliibuka."

Ushauri wa vitendo: ukishapata dhamira yako kuu, rudi kwenye mahojiano yote ukitafuta mtu anayeipinga. Usiishie kwenye wanaoiunga mkono. Mtu mmoja kati ya 15 ambaye hadithi yake inakwenda kinyume anaweza kukufundisha kuliko 14 wengine, kwa sababu anakulazimisha useme dhamira yako inashika kwa nani na katika hali gani.

Tena uliza matukio, usiulize maoni. John Flanagan aliieleza mbinu ya matukio makuu mwaka 1954, kutokana na kazi ya wanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Badala ya "kiongozi bora ni yupi?" unaomba: nieleze mara ya mwisho ulipoona kiongozi amefanya jambo lililosaidia kazi, nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. Maoni yanakuja yamepigwa pasi. Tukio lina mikunjo, na kazi yako iko kwenye mikunjo.

Kuhusu 15: idadi si dhambi wala si sifa. Inategemea upana wa swali, aina ya watu na kina cha kila mahojiano. Usiandike kwamba data "zilishiba" (yaani hakuna jipya tena lililokuwa likijitokeza) kama ulisimama kwa sababu muda uliisha.

Mgeni Jamvini

Nimekuelewa, mkuu, na nashukuru. Basi niulize la kweli linalonisumbua. Nina kazi nyingine ndogo ya namba kwa ajili ya kozi. Makundi mawili, 30 na 30. p imetoka 0.06. Mwenzangu anasema nitoe watu wawili walio mbali na wenzao, itashuka chini ya 0.05.

Fundi Data

Usiwatoe. Nitakueleza sababu, isije ikaonekana ni ushabiki wa sheria.

Ukijaribu matokeo 20 yasiyohusiana, na kwa kweli hakuna athari yoyote kwenye lolote, uwezekano wa kupata angalau moja lenye p chini ya 0.05 ni asilimia 64. Kutoa watu wawili, kuongeza kigeu (kitu kingine kilichopimwa) kwenye uchambuzi, kusimama kukusanya data pale inapopendeza, kuripoti kipimo kimoja kati ya viwili, kila moja ni tiketi nyingine ya bahati nasibu. Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha mwaka 2011 kwamba kuchanganya njia nne tu za aina hiyo kunaweza kuipandisha hatari ya kutangaza kitu ambacho hakipo kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 60. Na mtafiti anayefanya hivyo si lazima awe mwongo. Kila uamuzi, ukiuangalia peke yake, una sababu inayoeleweka.

Fani yetu imelipa gharama ya hilo hadharani. Mwaka 2015 timu kubwa ya watafiti ilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizochapishwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu. Zilipokuja kurudiwa, ilikuwa asilimia 36, na ukubwa wa athari kwa wastani ulikuwa kama nusu ya ule wa mwanzo.

Kwa kesi yako: watu 30 kwa kila kundi ni wachache kwa athari ya wastani. Jedwali za Cohen zinasema 64 kwa kila kundi ili uwe na nguvu ya asilimia 80 kugundua tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa alama), na 393 kama athari ni ndogo, 0.2. Kwa hiyo hata kama athari ya wastani ipo, kwa 30 na 30 ilikuwa karibu kama kurusha sarafu utaiona au hutaiona. Cohen alilalamikia hali hii tangu 1962.

Ripoti tofauti uliyoipata, na mipaka yake ya uhakika (kutoka wapi hadi wapi data zako zinaruhusu tofauti ya kweli iwe), na p 0.06 kama ilivyo. Wale wawili waeleze: nani, kwa nini wako mbali, je, walijaza bila kusoma? Ukitaka, onyesha uchambuzi pamoja nao na bila wao, vyote viwili, msomaji aone. Safari ijayo andika kabla ya kukusanya: nadhariatete yako ni ipi, kipimo kikuu ni kipi, watu wangapi, nani ataondolewa na kwa kigezo gani. Weka tarehe. Kuna hifadhi za mtandaoni za kusajili mipango hiyo bure, lakini hata waraka uliotumwa kwa msimamizi kabla ya data ni hatua kubwa.

Mkongwe

Naheshimu mchango wa wote, lakini naona mnawatisha vijana. Uzamili ni mafunzo. Mwanafunzi ana miezi michache na hana fedha. Mkimtaka awe na watu 786 na modeli za ngazi nyingi na vipimo vya njia tatu, hatahitimu. Mwacheni afanye kazi ya kawaida, ajifunze, aendelee na maisha.

Fundi Data

Mzee wangu, kwenye muda na fedha nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo sababu nasema swali lipunguzwe. Siombi kazi iwe kubwa. Tasnifu ndogo yenye dai dogo lililoshikiliwa vizuri naiheshimu kuliko yenye kichwa kirefu chenye vigeu sita. Mwanafunzi anaweza kuhitimu kwa kuonyesha tu kwamba hojaji fulani inaeleweka tofauti na wafanyakazi wa zamu ya usiku na wa mchana. Hiyo ni kazi halali, inafanyika kwa watu wachache, na wengine wataijengea juu.

Ninachoshindwa kukubali ni hilo la "aendelee na maisha." Saikolojia tumizi haibaki kwenye rafu. Mtu atanyimwa kazi kwa mtihani ambao sisi tulisema unafaa. Mtoto atahamishwa darasa kwa kipimo ambacho sisi tulisema ni thabiti. Waliofiwa watapewa huduma ambayo sisi tulisema inasaidia. Wanaoathirika hawatasoma sura yetu ya tatu, ile ya mbinu. Wanatuamini tu, na mwanafunzi akizoea kulegeza sasa, atalegeza akiwa na mamlaka.

Mkongwe

Hapo umesema kitu. Kupunguza swali nakubali. Nilidhani mnataka kuongeza mzigo.

Mama Tasnifu

Kabla uzi haujalala, mwenzenu nimeshakusanya. Wauguzi 96, hojaji moja, siku moja. Msaada wa msimamizi kazini na uchovu vinahusiana kwa −0.30. Kichwa kilichopitishwa ni "Athari za msaada wa msimamizi kwa uchovu kupitia kujiamini." Nimeambiwa nifanye uchambuzi wa kigeu cha kati. Nimekwama, kwa sababu baada ya kusoma hapa naona kila kitu kinaweza kuwa kimesababisha kila kitu.

Kipimo Kwanza

Dada, hujakwama, umefika mahali pazuri pa kuandikia.

Anza na mipaka ya uhakika. Kwa −0.30 na watu 96, mipaka ya asilimia 95 ni kama −0.47 hadi −0.11. Andika yote, na useme wazi kwamba data zinaendana na uhusiano mwembamba na vilevile na uhusiano mzito.

Fundi Data

Nami niongeze kuhusu kichwa. Kigeu cha kati ni dai la mfuatano: msaada kwanza, halafu kujiamini, halafu uchovu. Umepima vyote siku moja, kwa hiyo mfuatano hauko kwenye data zako, hata programu ikichora mishale. Muuguzi aliyechoka anaweza kuuona msaada uleule kuwa mdogo. Anaweza pia kuwa na siku mbaya iliyoshusha majibu yake yote matatu pamoja. Muombe msimamizi wako kichwa kibadilike kutoka "athari" kuwa "uhusiano," na kujiamini kuripotiwe kama kigeu cha tatu bila mishale. Wasimamizi wengi hukubali ukiwapelekea sababu iliyoandikwa kwa ukurasa mmoja.

Kisha tazama kama hospitali ina kumbukumbu za zamu au za siku za ugonjwa ambazo fomu yako ya ridhaa inaruhusu kuunganisha na majibu. Kama fomu hairuhusu, usiunganishe. Kama inaruhusu, utakuwa na kipimo kimoja ambacho hakikutoka kwenye hojaji, na uhusiano ukibaki hapo, hoja ya siku mbaya inapungua nguvu.

Na kwa kuwa wauguzi hao wako kwenye wodi, niambie wako wodi ngapi na wangapi kwa kila wodi. Ulirekodi wodi?

Mama Tasnifu

Nilirekodi. Wodi 8, wauguzi 12 kila moja.

Fundi Data

Safi sana. Basi kesho kokotoa kwanza kiasi cha tofauti za uchovu kinachotokana na wodi, kabla ya uhusiano wowote. Ukikipata kilete hapa tuone 96 yako imebaki ngapi.